Emmett Kucera, Upande wa Kushoto

Agosti 9
Joto. Nimeanza tena. Mahindi yamesimama pande zote mbili za barabara, marefu kuliko gari, na ukishaendesha katikati yake kwa muda unaanza kuhisi kwamba gari limesimama na mahindi ndiyo yanayopita. Nimepita Nebraska hii kila mwaka tangu nywele zangu zikiwa nyeusi, na bado nasinzia macho wazi. Timu inanilipa nizunguke vyuoni nitazame vijana wanaocheza futiboli ya Kimarekani, niseme nani achaguliwe na timu za kulipwa mwezi wa Aprili na nani arudi kwao akaendeshe trekta. Safari hii naanza na Emmett Kucera wa Chuo cha Kearsley. Mtu wa ukuta, upande wa kushoto.

Agosti 10
Lo! Mtu ni mlango. Tena mlango wa ghala. Lakini anavyokanyaga, utadhani anapita chumba alicholala mtoto mchanga. Kazi ya mtu wa ukuta ni kusimama kati ya mpiga pasi wake na majitu yanayokuja kumlaza chini, na kazi hiyo hufanywa na miguu kabla ya mikono. Miguu kama hii sijaiona miaka mingi. Nilikaa pale kwenye nyasi, jua likinichoma shingo, nikawa natazama miguu tu, mpaka nikasahau nimekuja kufanya nini.

Mazoezi yalipokwisha alipita karibu yangu. Nikamwita, "Kucera! Habari yako, kijana?" Akapita. Hakugeuka hata shingo. Nilibaki na mkono hewani kama mwehu.

Purcell akacheka mpaka akakohoa. Huyu hufanya kazi kama yangu kwa timu moja ya Pasifiki, na tumekuwa tukikutana kwenye viwanja hivi tangu enzi. "Haugen, umezeeka. Sasa hata watoto wanakupita kama nguzo ya umeme."

"Nyamaza, ule sandwichi yako."

"Ni yako. Nimeichukua garini mwako."

Kiburi cha kijana yule kilinikera siku nzima.

Agosti 11
Vumbi. Kahawa ya hoteli hii ni maji yaliyosuuziwa sufuria.

Septemba 6
Mechi ya kwanza, nyumbani Kearsley. Watu wa hapa wana adabu: timu yao ikiwa na mpira, uwanja mzima unanyamaza ili wachezaji wasikilizane. Unasikia hadi bendera zikipepea. Mpiga pasi anapaza sauti, "Tayari! Haya! Haya!" na watu watano wa ukuta wanajua tangu mwanzo wataondoka kwa "haya" ipi. Adui hajui. Huo ndio ubora wao wote, kuondoka kufumba na kufumbua kabla ya adui.

Emmett aliondoka wa mwisho. Si mara moja. Wenzake wanne walikuwa tayari wanasukuma, yeye ndiyo kwanza anainuka. Akishainuka, basi, hakuna anayempita. Lakini ule uchelewaji!

"Mvivu," Purcell akasema. "Kichwa maji."

Sikumbishia. Niliandika: mzito kuondoka.

Septemba 7
Kocha wa ukuta, Brandvold, alinikaribisha chumba cha kutazamia mikanda. Sisi watu wa kazi hii hutazama mechi bila sauti. Kamera iko juu kabisa ya uwanja na haichukui hata mnong'ono, na tumezoea hivyo tangu tulipoanza. Saa nzima wanaume wakubwa wanagongana kimya kimya, wanaanguka kama nguo zinazotoka kwenye kamba, wanarudi nyuma, wanaanguka tena. Mimi huipenda hali ile. Ni kama kuota ndoto ya mtu mwingine.

"Mimi simwelewi, Haugen," Brandvold alisema. "Nyumbani analala. Ugenini anaamka, unamwona mtu mwingine kabisa. Nimemfokea, nimembembeleza, nimemkimbiza mpaka ametapika. Ananijibu 'Ndiyo, kocha.' Basi."

"Ana jeuri?"

"Wala. Mpole kupita kiasi. Sema ukimwita, siku nyingine anaitika, siku nyingine hana habari na wewe."

Septemba 20
Iowa, ugenini. Uwanja wa watu wengi, na wa huku wanapiga kelele wageni wakiwa na mpira, wanapiga mpaka viti vinatetemeka chini ya makalio yako. Emmett aliondoka wa kwanza. Kila mara, wa kwanza! Jitu la upande wa pili, ambalo kila mtu analisifia, halikumgusa mpiga pasi hata kwa ukucha. Nilisimama nikapiga makofi, jambo ambalo sisi hatufanyi. Purcell akanivuta koti nikae.

"Anachagua mechi," alisema. "Wa hivyo ukimlipa, anachagua na siku za kuja kazini."

Septemba 28
Mvua. Nimelala.

Oktoba 4
Wanavuna soya. Vumbi lake limekuja mpaka uwanjani, la rangi ya mkate, na jua likawa kama limefungwa kitambaa. Nyumbani tena, kimya tena, na Emmett akachelewa tena. Mara hii jitu lilimpita nje kabisa, likamlaza mpiga pasi vibaya. Kijana wa watu akabebwa. Watu waliokuwa wamenyamaza kwa adabu wakamzomea Emmett, majirani zake hao hao.

Akabaki pale amepiga goti, kofia mkononi. Nilitaka kumkasirikia nikashindwa. Uso ule haukuwa wa mvivu.

"Mimi nimemfuta," Purcell alisema. Nami, kusema kweli, nilikuwa nimeshika kifutio.

Oktoba 5
Leo siwezi kukaa kitako.

Brandvold alikwenda kanisani akaniachia ufunguo. Nikaweka mkanda wa jana na wa Iowa, nikaitazama kwa zamu, polepole, mpaka nikawa nusu macho nusu usingizini. Nje ya dirisha mashine za kuvuna zilikuwa zinakwenda na kurudi. Nikaacha kutazama miguu. Nikatazama vichwa.

Mechi ya nyumbani: wanne wanatazama mbele, wamekaza shingo, wanangoja sauti. Emmett peke yake amegeuza jicho, anachungulia mpira. Anangoja mpira usogee.

Mechi ya Iowa: kelele zimezima sauti ya mpiga pasi, kwa hiyo wanatumia ishara. Anayetoa mpira anatikisa kichwa, kisha anautoa. Wote watano wanachungulia mpira. Wote watano ni kama Emmett.

Nikasimama. Ala! Kumbe si yeye anayeamka ugenini. Ni wenzake wanaochelewa kama yeye, na kwa kuwa yeye amezoea, anawashinda. Hasikii. Mungu wangu, mtoto hasikii, na sisi sote tumekaa tunamtazama kwenye mikanda isiyo na sauti tukisema analala!

Nikakimbia bwaloni, mimi mwenye magoti haya. Alikuwa anakula, amekaa mwisho wa meza, ukuta uko kuliani kwake. Nikapenya kati yake na ukuta, nikamwita kwa sauti ya kawaida, "Emmett." Akaendelea kutafuna. Nikazunguka kushoto. "Emmett."

"Naam, mzee." Akainuka na kunivutia kiti. "Karibu ukae."

Nilikaa. Sikuweza hata kumwambia nimefuata nini. Nikamwuliza kuhusu viazi.

Oktoba 6
Naendesha kwenda Dakota na sioni barabara. Sikio la kulia limekufa, la kushoto zima. Na wamemweka upande gani? Kushoto mwa ukuta, ambako mpiga pasi yuko kuliani kwake. Maisha yake yote ya mpira mpiga pasi amekuwa akilipigia kelele sikio bovu.

Dawa yake hata mtoto angeijua: mhamishe kulia. Huko sauti itamwingilia kushoto.

Ila kushoto ndiyo heshima. Mpiga pasi wa mkono wa kulia huupa upande huo kisogo, haoni anayekuja, kwa hiyo kwenye kila kijiji cha nchi hii mtoto mkubwa kuliko wote huwekwa kushoto. Anayehamishwa kulia watu husema ameshuka. Ndivyo tulivyo.

Na sasa niseme lililo moyoni. Purcell amemfuta. Wengine watamfuta. Nikinyamaza, Aprili tunamwokota mwisho kabisa kama kifungo kilichoanguka, tunamhamisha kulia, na mimi naitwa fundi. Mawazo haya yamekaa nami kiti cha mbele tangu asubuhi, na yananipendeza.

Oktoba 19
Baridi kali. Bata wanapita juu kuelekea kusini, siku nzima, wengine hawaonekani, ni sauti tu.

Novemba 9
Nilikwenda kwao. Nyumba iko nyuma ya maghala ya nafaka, na mama yake, Lorraine, alikuwa ametoa kolachi, mikate midogo mitamu, kwenye oveni, zile za plamu. Alinipa tatu kabla hajaniuliza jina. Emmett alikuwepo, amekaa mwisho wa meza, upande ule ule.

Nilisema moja kwa moja. "Mama, sikio la kulia la huyu lilikufa lini?"

Akaweka chini birika. Emmett akatazama kitambaa cha meza.

"Nani amekuambia?"

"Hakuna. Nimemwona."

"Matumbwitumbwi," akasema. "Alikuwa mdogo. Homa ikaondoka, ikaondoka na sikio. Daktari alisema la pili litamtosha." Kisha sauti ikapanda. "Bwana Haugen, nakuomba. Ukiandika hilo umemzika. Timu zitasema zina vijana wazima tele, wa nini huyu? Alipoingia sekondari nilimwambia funga mdomo. Akaufunga. Leo amebakiza hatua moja tu, wewe unakuja na kula kolachi zangu na kuniambia hivi?"

Nikaacha kutafuna.

"Wanasema ni mvivu, mama," nikamwambia. "Hilo ndilo linalomzika. Mvivu hakuna anayemtaka. Wenzangu wamekwisha kumfuta."

Emmett akauliza polepole, "Wote?"

"Karibu wote."

"Najua wanavyosema. Kocha amenikimbiza." Akaguna. "Kila jioni natazama mpira mpaka macho yanatoka machozi, niuone ukisogea kabla haujasogea. Nawezaje kuwa mvivu, mzee?"



Nikachukua vikombe nikavipanga mezani: huu ukuta, huyu mpiga pasi. Nikamwonyesha akiwa kushoto, kisha nikakihamisha kikombe kulia. Alikitazama muda mrefu. Nikaona inamwingia, taratibu, mpaka mdomo ukabaki wazi.

"Kwa hiyo miaka yote hii..."

"Miaka yote hii."

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka meza ikasogea, halafu nikaona siyo kucheka tena, na mama yake akaenda akamshika kichwa kile kikubwa na kukilaza tumboni kwake.

Alipotulia akasema, "Lakini kulia... Hapa kijijini watasema nimeshushwa."

"Watasema."

"Ningefanya lini?"

Hapo ndipo nilipopaswa kunyamaza. Ningemwambia: ngoja, uje kwetu kwanza. Nikamtazama mama yake, na sura ya Purcell ikanijia, na sura ya bosi wangu. Nikasema, "Januari, kambi ya kusini. Timu zote zitakuwepo. Mwombe kocha wa kambi akuweke kulia. Na mwambie kwa nini. Mwambie wewe mwenyewe, nisiwe mimi."

"Wakiniona wote, si timu yako itanikosa?"

"Inawezekana sana."

Lorraine alinifungia kolachi nyingine kwenye karatasi. 

Novemba 10
Mjinga wa mwaka: mimi.

Novemba 22
Theluji. Mashamba yamefutika. Barabara na mbingu ni kitu kimoja, na kati yake kuna gari langu na wiper mbovu.

Desemba 14
Nimeota mechi isiyo na sauti. Emmett alikuwa akiniambia jambo, midomo ikichezacheza, na mimi ndiye niliyekuwa sisikii.

Januari 20
Kusini, Georgia. Nyasi mbichi, mvua ya vuguvugu, wakubwa wa timu zote wamejipanga ukingoni chini ya miamvuli. Emmett alikuja asubuhi, akaniamkia kwa kichwa tu, akamwendea kocha wa kambi. Niliwaona wakizungumza. Kocha akamzunguka mpaka kushoto kwake. Basi amemwambia.

Akawekwa kulia, na ikawa aibu tupu. Mtu aliyezoea kushoto, kila kitu kinageuka: mguu wa nyuma unakuwa wa mbele, mkono wa kusukuma unakuwa wa kushikilia. Ni kama kuandika kwa mkono usio wako. Alijikanyaga. Alianguka kifudifudi kwenye matope mbele ya watu wenye riziki yake. Kila mtu ukingoni alicheka isipokuwa mimi na mvua.

"Nani mwenye akili amemleta huku?" Purcell aliuliza.

Nikameza mate. Nimemharibia, nikasema moyoni. Nimemharibia mtoto wa watu kwa vikombe.

Januari 21
Alijikanyaga tena. Sijala.

Januari 22
Mvua iliacha. Ukungu mwepesi ukawa umelala juu ya nyasi, wachezaji wanaonekana kuanzia magoti. Hakukuwa na kelele yoyote. Mpiga pasi akapaza sauti, "Tayari! Haya!" na Emmett akatoka.

Sijui nieleze vipi. Alitoka na neno lenyewe, kama vile wametoka kinywa kimoja. Adui wake hajainua hata mkono, tayari kifua cha Emmett kiko kifuani kwake, na miguu ile inamrudisha nyuma kwa upole, taratibu, mpaka akatokomea kwenye ukungu. Wakarudia. Vile vile. Wakabadilisha adui, wakaleta aliye mbaya kuliko wote. Vile vile. Nikaona meno ya Emmett. Alikuwa anacheka peke yake ndani ya kofia.

Purcell alikuwa anatafuna. Akaacha. 

"Haugen. Ni sikio, siyo?"

"La kulia."

"Na ulijua."

"Tangu soya."

"Ukamwacha aje aonyeshe dunia nzima?" Akanitazama kama ananiona kwa mara ya kwanza. "Wewe ni mwehu, baba. Ujue tu mimi ningenyamaza. Na nitamchukua. Piga ua, nitamchukua."

Alikwenda kupiga simu akitimua matope. Nilifurahi, na papo hapo nikawa na wivu mbaya.

Februari 17
Nimemwambia Stroud, mkuu wetu, kila kitu, kwa ruhusa ya Emmett. Alisikiliza akitazama dirishani.

"Sikio moja."

"Ndiyo, bwana."

"Siku tatu za mvua Georgia, ndiyo ushahidi wako?"

"Ushahidi wangu ni msimu mzima. Wewe unatazama mikanda kama mimi, bwana, na mikanda haina sauti. Mtazame kichwa."

"Nitafikiri," akasema. Kwa Stroud hiyo kwa kawaida ni hapana.

Machi 3
Barafu inayeyuka. Nimeosha gari.

Aprili 24
Siku ya pili ya uchaguzi. Chumba kina madirisha, ila yamefunikwa. Timu zinachagua kwa zamu, na kila zamu ya timu ya Purcell nilikuwa nashika ukingo wa meza. Walimchukua mkimbiaji. Zamu nyingine wakamchukua mpiga mateke, Mungu awape afya. Lakini najua Purcell, alikuwa anasukuma upande wake kama ninavyosukuma wangu. Zamu yao inayofuata ilikuwa mara tu baada yetu.

Stroud akaweka kalamu chini. "Haya, Haugen. Yule wako wa ukuta. Ningependa kumngoja mpaka kesho."

"Kesho hayupo."

"Una hakika?"

"Bwana, mimi ndiye niliyemtoa nje watu wamwone. Nina hakika kuliko yeyote."

Wenzangu wakaguna. Mmoja akasema ni mapema mno kwa mtu wa sikio moja. Mmoja akasema kulia hajacheza mechi hata moja. Nikajiona nimesimama, na sikukumbuka kuinuka. "Kila alichokifanya mpaka leo," nikasema, "amekifanya akiwa hajasikia neno. Fikirini akisikia." Sauti yangu ilikatika katikati. Wacha ikatike.

Stroud hakunitazama. Alivuta simu, akaiweka wote tusikie, akabonyeza.

Ikaita. Ikapokewa. Kulikuwa na vurumai upande wa pili, sahani, watu, mbwa, na sauti ya Lorraine ikisema nyamazeni nyie, nyamazeni.

Stroud ni mtu wa maneno machache, na harudii neno kwa mtu yeyote. Tumefanya kazi naye miaka, ukikosa kusikia ni shauri yako. Akasema yote kwa mkupuo: yeye ni nani, tumemchagua, atacheza kulia, karibu kwetu.

Kimya. Stroud akanitazama. "Hataki?"

 Kisha sauti ya Emmett ikaja, kubwa, bila aibu, mbele ya ukoo wake wote na mbele yetu sote.

"Samahani, bwana. Kwa haraka nimeweka simu sikio bovu. Sasa nimeihamishia kushoto. Sijasikia hata neno moja."

 Stroud akakohoa, akasogeza kiti karibu na simu, akaanza tena toka mwanzo, polepole.